Hadithi ya Mapenzi Haikuvunja Nyumba

Lipo shtaka la zamani ambalo kila kizazi cha walimu na wazee hulipokea kwa waliotangulia na kulikabidhi kwa wajao pasipo kulitia katika mizani. Shtaka lenyewe ni kwamba hadithi ya mapenzi huharibu vijana, na hadithi ya nyumba iliyovunjika huvunja nyumba. Makala haya yameandikwa kulikana shtaka hilo. Sikukusudia kuwatukana walioliamini. Wengi wao ni watu wema, na baadhi yao ndio walionifundisha kusoma. Lakini wema wa mshtaki si ushahidi, wala uzee wa shtaka si ukweli wake.

Nitaanza na jambo dogo nililoliona kwa macho yangu. Aendaye Njombe kutoka Dar es Salaam au kutoka Mbeya sharti apite Makambako. Hapo ndipo njia ya Njombe na Songea inapoachana na njia kuu iendayo Zambia, na hapo ndipo inapopita reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Ni mji wa kushuka na kupanda, wa malori na mabasi, wa watu waliofunga mizigo yao na wengine wanaoifungua. Na upepo wake wa baridi haumwulizi mgeni atokako. Stendi nilimkuta binti mmoja ameketi nyuma ya beseni la mahindi ya kuchemsha, amejitanda kitenge juu ya sweta, anasoma. Kitabu chake hakikuwa na jalada. Kurasa zilikuwa zimelainika kwa mikono mingi, na pembe zake zimekunjika kama masikio ya mbwa aliyelala.

Nilimwamkia, "Kamwene." Akaitika, kisha akaongeza, "Shikamoo, baba," kwa kuwa aliona mvi zangu. Nikamwuliza anasoma kitabu gani. Jina la kitabu hakulijua, maana jalada lilikwisha kabla hakijamfikia. La mwandishi kadhalika. Lakini jina la msichana aliyemo alilijua: Rosa. Nikatambua mara moja kwamba ni *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, nikamwambia kwamba mimi nami nimeisoma. Basi hakuninunulisha mahindi. Aliniuliza swali.

"Kama umeisoma, baba, niambie. Kwa nini anayekufa ni Rosa, na yule mchumba aliyemkataa haulizwi kitu?"

Sikuwa na jibu. Nimeifundisha riwaya ile darasani kwa miaka. Nimetunga maswali ya dhamira, ya wahusika na ya mandhari, na kuyasahihisha kwa wino mwekundu. Swali lile sikupata kuulizwa, na la aibu zaidi, sikupata kuliuliza. Basi langu lilipiga honi nikaondoka, na tangu siku hiyo nimekuwa mdaiwa. Makala haya ni sehemu ya malipo.

Kwa ajili ya vijana ambao bado hawajaisoma, nieleze kwa ufupi. *Rosa Mistika* ilitoka 1971. Ni habari za nyumba moja ya Ukerewe, nyumbani kwa mwandishi mwenyewe. Baba, Zakaria, ni mlevi. Mama, Regina, ni mwanamke anayebeba nyumba nzima kwa mikono yake. Na Rosa ni binti wao wa kwanza. Zakaria anampiga Rosa kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na kijana. Binti anakua akiwaogopa wanaume wala hawajui. Anapotoka nyumbani kwenda masomoni anakutana na wanaume wenye umri na vyeo, na hapana hata mmoja aliyemfundisha namna ya kukubali wala namna ya kukataa. Mwishowe, mchumba aliyemtumaini anamwacha kwa kuwa si bikira tena, naye Rosa anajiua. Kitabu hiki kilisomwa kwa shauku kubwa, na kwa sababu hiyo hiyo kilipigwa marufuku kufundishwa shuleni. Baadaye marufuku ilifutwa, na kitabu kilekile kikawa cha kufundishia katika shule za sekondari, Tanzania na Kenya.

Tulitazame shtaka la kwanza, la wale waliokizuia na wale ambao hata leo wangekizuia. Wanasema: kijana akisoma habari za uasherati atakuwa mwasherati. Mimi nawauliza: je, wameisoma sura ya barua? Zakaria aliona barua mikononi mwa binti yake. Hakuuliza barua imetoka wapi, wala binti anafikiri nini, wala yeye kama baba amemfundisha nini. Aliipiga barua kwa kumpiga aliyeipokea. Alidhani kwamba karatasi ndiyo hatari, na karatasi ikiondoka hatari nayo imekwenda. Msomaji wa riwaya anaona waziwazi kwamba kipigo kile, wala si barua ile, ndicho kilichoandaa maangamizi ya Rosa. Basi waliokitoa kitabu madarasani walifanya nini ila kurudia tendo la Zakaria? Nao waliona karatasi mikononi mwa mabinti, wakaiadhibu karatasi. Kwa hakika, sijui hukumu nyingine katika fasihi yetu ambayo kitabu kilikwisha kuieleza na kuikosoa kabla haijatolewa juu yake.

Wala Kezilahabi hayuko peke yake katika ushahidi huu. Said Ahmed Mohamed, katika *Utengano* iliyotoka 1980, alituonyesha nyumba nyingine, ya mwambao, yenye mali na heshima ya nje. Humo Bwana Maksuudi anamfungia binti yake, Maimuna, ndani ya kuta ili asiharibike. Na Maimuna anapotoka, anatoka kama ndege asiyejua mti upi una mtego. Waandishi wawili, mmoja wa ziwa na mmoja wa bahari, mmoja wa nyumba ya dhiki na mmoja wa nyumba ya fahari, wamefika kwenye neno moja: kufungia si kulea. Mchunga kuku hawafungi kuku gunia la mahindi usoni wasimwone mwewe. Huwafundisha kukimbilia pakani.

Mimi mwenyewe nimefanya kazi katika shule moja, ambayo sitaitaja, ambako vitabu vya hadithi vilikaa katika kabati lenye kufuli. Ufunguo ulikaa kwa mwalimu mmoja, na mwalimu huyo alikuwa na majukumu mengi. Riwaya nne au tano za mapenzi zilitengwa katika rafu ya juu, na juu yake liliwekwa rundo la daftari kuukuu. Nilipoomba zitolewe niliambiwa kwa upole kwamba wazazi watalalamika. Sikubishana. Hilo ni kosa langu, na nalikiri hapa, kwa sababu mwaka uleule mabinti wawili wa darasa langu waliacha masomo, mmoja kwa mimba na mmoja kwa kuchukuliwa kwenda kufanya kazi za nyumbani mjini. Hapana aliyesema kwamba walisoma riwaya. Kufuli ilikuwa salama. Vitabu havikuguswa.

Na sasa nije katika jambo lenyewe la Njombe, maana hapo shtaka linaanguka kwa uzito wake. Nyumba za nchi hii zilianza kutikisika zamani, kabla ya riwaya yo yote ya Kiswahili kufika. Zilitikiswa na kodi na kandarasi. Katika utawala wa Waingereza wilaya ya Njombe ilikuwa mojawapo ya machimbo ya nguvukazi ya mashamba ya mkonge. Wabena walikwenda Tanga kuwa manamba. Na wenye mashamba walipoanzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944, safari hizo zilipata utaratibu, magari na vituo. Mume aliondoka, mke akabaki na shamba, watoto, wazee na baridi. Wako waliorudi na blanketi na baiskeli; wako waliorudi na maradhi; na wako ambao hawakurudi, wakaoa pwani na kusahau. Je, ni kitabu gani walichosoma? Hawakuhitaji kitabu ili nyumba ivunjike. Walihitaji kitabu baadaye, ili ieleweke ilivyovunjika; nacho hawakukipata.

Kisha ikaja njia kuu, ikaja reli, na Makambako ikakua pale njia zilipokutana. Baba wa leo haendi tena kukata mkonge. Huenda na mbao, na viazi, na biashara, na humwachia mke simu mahali pa barua. Binti wa leo, kama yule niliyemtaja, anachukuliwa kwenda Dar es Salaam kuwa msichana wa kazi katika nyumba asiyoijua, kwa watu ambao wazazi wake hawajawaona. Na baba aliyebaki nyumbani, aghalabu, naye hayupo. Yuko kilabuni na ulanzi, na hasa masika, mianzi inapotoa maji yake kwa wingi. Mwambieni basi msomaji wa Makambako kwamba Zakaria ni mtu wa Ukerewe asiyemhusu! Atawacheka. Zakaria anamjua, amempelekea chakula jana.

Yako na ya maradhi. Mkoa wa Njombe, ulioundwa 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa, umekuwa ukiongoza nchi nzima kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2011 na 2012 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima wa Njombe wana virusi hivyo. Na ule wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 12.7. Kama hadithi za mapenzi ndizo zinazoleta maangamizi, tungetazamia kwamba palipo na vitabu vingi ndipo penye maradhi mengi. Dar es Salaam ndiko kwenye wachapaji, maduka ya vitabu na Chuo Kikuu, na kiwango chake kiko chini sana ya kile cha Njombe. Sisemi kwamba vitabu vimeiokoa Dar es Salaam. Hoja ya namna hiyo ingekuwa dhaifu kama ya wapinzani wangu. Nasema tu kwamba mshtakiwa hakuonekana mahali palipotendeka kosa, na walioonekana pale ni wengine: umaskini, safari, pombe, aibu, na ukimya wa wazazi.

Hapo ndipo nisogee kwa washtaki wa pili, ambao ni wenzangu wa vyuoni. Hawa hawasemi kwamba hadithi ya mapenzi ni hatari. Wanasema ni nyepesi. Wameipa jina la fasihi pendwa, na wanalitamka kama mtu anayetaja chakula cha watoto. Kwao, kazi inayosomwa na muuza mahindi haiwezi kuwa kazi inayostahili semina. *Rosa Mistika* yenyewe imeokoka kwa sababu mwandishi wake alikuwa msomi na mwanafalsafa, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baadaye akafundisha Botswana. Hata kifo chake mwezi wa Januari 2020 kiliombolezwa na wataalamu. Je, ingekuwaje kama kitabu kilekile, neno kwa neno, kingeandikwa na karani wa Makambako na kuuzwa stendi? Nahofu kwamba tungekihesabu miongoni mwa takataka, na swali la yule binti tungeliita umbea.

Wenzangu wakumbuke historia. Mwaka 1857 mahakama ya Paris ilimshtaki Gustave Flaubert kwa riwaya ya mke asiyeridhika na ndoa yake. Leo hapana chuo kinachofundisha riwaya bila ya kumtaja. Katika miaka ya 1950 na 1960, soko la Onitsha huko Nigeria lilijaa vijitabu vya mapenzi, vilivyoandikwa na watu wa kawaida na kusomwa na watu wa kawaida. Wasomi walividharau, kisha Emmanuel Obiechina akavitungia kitabu kizima cha uchambuzi kilichotoka 1973, na sasa huwezi kueleza kukua kwa fasihi ya Nigeria pasipo kupita sokoni. Kwetu sisi, ni nani atakayekwenda stendi ya Makambako kuuliza kinachosomwa pale, kinasomwa namna gani, na kinapitia mikono mingapi kabla jalada halijakwisha? Huo ndio uchunguzi. Lakini tunangoja mgeni aje aufanye, kisha tumnukuu.

Wapo washtaki wa tatu, na hao ndio ninaowaogopa zaidi, kwa sababu wanajiita marafiki wa kitabu. Wanakikaribisha, kisha wanakifanya dawa. Wanasema: "Riwaya hii ni nzuri kwa kuwa inafundisha vijana wajihadhari." Wanaitoa Rosa ndani ya nyumba yake na kumsimamisha ukutani kama bango la hospitali. Mwanafunzi anaandika katika daftari: dhamira ya kwanza, malezi mabaya, dhamira ya pili, ulevi, dhamira ya tatu, athari za uasherati. Anapata alama zake. Rosa anakufa kila mwaka katika maelfu ya daftari, na hapana anayeuliza kwa nini afe. Mtu akifa, sisi Waswahili huuliza: amefiwa nani? Mwanafunzi wetu hufundishwa kuuliza: amekufa kwa dhamira gani?

Natambua kwamba hapa najihukumu mwenyewe, maana kalamu ile nyekundu ilikuwa yangu. Lakini ni lazima lisemwe: hadithi si khutuba iliyovikwa nguo za watu. Khutuba humwambia msikilizaji jambo la kufanya. Hadithi humweka msomaji ndani ya nyumba ya mtu na kumwacha humo, usiku, hali akisikia yote. Yule binti wa Makambako hakuambiwa na kitabu kwamba ajihadhari na wanaume; hilo ameambiwa na kila mtu tangu alipoota matiti. Kitabu kilimpa kitu ambacho hapana aliyempa: haki ya kuuliza hesabu. Kwa nini yeye alipe, na wengine wasilipe? Swali hilo ni mwanzo wa adabu iliyo kubwa kuliko ile ya kuogopa.

Sasa haki inanitaka nikubali yaliyo kweli upande wa wapinzani wangu. Ni kweli kwamba hadithi nyingi za mapenzi zinazouzwa njiani ni mbovu. Ziko ambazo mwanamke aliyependa sharti afe au awe kichaa, na mwanamume aliyemdanganya husafiri kwenda mji mwingine. Ziko ambazo kila maskini ni mwema na kila tajiri ni mwuaji. Ziko ambazo mwandishi hakuisoma hata mara moja kazi yake kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa. Nakubali pia kwamba *Rosa Mistika* yenyewe haikukimbia kabisa mtego huo, kwa kuwa binti anakufa, na kifo chake ni rahisi mno kuchukuliwa kuwa adhabu. Lakini tazameni alivyofanya mwandishi: hakuiacha kesi kaburini. Aliwafikisha baba na binti mbele ya Mungu, walumbane juu ya nani mwenye hatia. Ni kama kwamba Kezilahabi mwenyewe alilisikia swali la stendi miaka mingi kabla halijaulizwa, akaona kwamba mahakama za hapa duniani hazilitoshi.

Na dawa ya hadithi mbovu si kufuli. Dawa yake ni hadithi nzuri zaidi, na wasomaji wakali zaidi. Msomaji mkali hazaliwi na mtihani; huzaliwa na kusoma vingi, vyema na vibaya, na kubishana navyo. Wabena na Wahehe walikuwa na hadithi za kutosha za ndoa, wivu, mama wa kambo na baba asiyefaa kabla hatujawapelekea shule; Martha Mvungi amezisimulia baadhi yake katika *Three Solid Stones*, mkusanyo uliotoka 1975. Hadithi hizo zilisimuliwa jikoni, watoto wakiwapo, moto ukiwaka. Hapana bibi aliyewatoa nje wajukuu wake ili asimulie habari za mume mwovu. Alijua kwamba watoto wale watakutana naye.

Basi naomba mambo matatu, nayo ni madogo. La kwanza, walimu wa Njombe na Makambako, na wa kila mahali, wafungue makabati. Kitabu kichakae kwa kusomwa, kisiliwe na mchwa kwa kuheshimiwa. La pili, sisi wa vyuoni tuache kupima hadithi kwa cheo cha aliyeiandika na cha anayeisoma. La tatu, mtungaji wa mtihani, akiwa ni mimi au mwenzangu, mwaka mmoja tu athubutu kuweka katika karatasi swali la muuza mahindi, kama lilivyo, pasipo kulipamba.

Nimepita Makambako mara mbili tangu siku ile. Binti sikumwona tena. Mwanamke aliyekaa mahali pake aliniambia kwamba ameondoka, amekwenda Dar es Salaam kufanya kazi kwa watu. Nikauliza kama alichukua kitabu. Akacheka, akasema hapana, kitabu kiko kwa mdogo wake, na mdogo wake amekwisha kukifikisha katikati.